Kuatamia Nako Ni Kazi

(Maandishi ya mazungumzo ya redio ya wiki hii)

Ndugu wasikilizaji, leo naanza kwa kuungama. Kosa lenyewe nililifanya uani kwangu, mchana kweupe, na hapana aliyenishtaki kwa ajili yake. Lakini limenikaa moyoni, na jambo likikukaa moyoni ni heri uliseme.

Nina mdimu uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Matawi yake yalikuwa yametanuka mpaka miiba ikaanza kurarua mashuka. Jumamosi moja ya mwezi Novemba nikashika panga nikaanza kuupunguza. Nilikuwa nimekata matawi manne au matano, mara ndege akachomoka kutoka ndani kwa kelele. Nikachungulia. Palikuwa na kiota, kikombe kidogo cha vijiti na nyasi, na ndani yake mayai matatu ya rangi ya waridi iliyofifia, yenye madoa ya damu ya mzee.

Alikuwa shore. Nyote mnamfahamu shore, hata kama jina mmelisahau. Ni yule ndege wa kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupejeupe, na chini ya mkia ana manjano kama ya embe bivu. Ndiye anayeamka kabla ya wauza maandazi na kuimba juu ya waya wa umeme. Ndiye pia anayelitoboa papai lako siku moja kabla hujalichuma.

Basi nilipokiona kiota nikaliweka panga chini. Tawi lenye kiota sikuligusa. Nikajisifu kimoyomoyo: huyu nimemhurumia. Matawi ya juu yake nilikuwa nimekwisha kuyakata, lakini hilo sikulihesabu kuwa kitu.

Muda si mrefu akaingia bibi wa nyumba ya pili, amekuja kuomba ndimu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Eh! Huyu ndege umemtoa paa.”

“Bibi, kiota sijakigusa.”

“Kiota hujakigusa. Jua umelikaribisha.”

Nikacheka. Nikamwambia, bibi, si mayai yanataka joto? Jua litamsaidia mama yao, apumzike. Bibi hakunijibu. Alichukua ndimu zake tano akaenda zake.

Saa saba mchana nikamwona shore amerudi. Lakini hakulala juu ya mayai. Alisimama ukingoni mwa kiota, mbawa kazitanua nusu, mdomo wazi, anahema. Nikadhani anaota jua. Kesho yake alikuwa akija na kuondoka, akija na kuondoka. Siku ya tatu hakuja tena. Nilipoyagusa mayai mchana ule yalikuwa ya moto kama yametoka kwenye maji ya kuchemsha chai. Yote matatu yalikuwa viza.

Ndugu wasikilizaji, ujinga wangu nadhani si wangu peke yangu. Wengi wetu tunaamini kwamba ndege anayeatamia amekaa tu. Tunamwona katulia, tunasema amepumzika. Kwa hiyo leo hebu tuitazame kazi hiyo, tujue inafanywaje, ndipo tutajua namna tunavyoiharibu.

Tuanze na yai lenyewe. Yai la ndege si chakula kilichohifadhiwa kikisubiri siku yake. Ndani yake mna kiumbe anayejengwa, na ujenzi huo hauendi bila joto la kipimo maalumu. Kwa ndege wengi waimbao kipimo hicho ni kama nyuzi 36 hadi 38 za Sentigredi, yaani karibu sawasawa na joto la mwili wako wewe usiye na homa. Joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, ujenzi husimama. Kusimama huko kwa muda mfupi hakuui. Kijusi husubiri, na joto likirudi kazi huendelea. Lakini joto likipanda na kupita nyuzi 40 au 41, hapo hakuna kusubiri. Kijusi hufa.

Liangalieni vizuri jambo hilo. Upande wa baridi mama ana nafasi kubwa ya kukosea. Upande wa joto nafasi yake ni nyuzi tatu au nne tu.

Sasa, mama huyo hutoa wapi joto la nyuzi 37? Mwilini mwake. Mwili wa ndege una joto kuliko wetu. Hufikia nyuzi 40 na zaidi. Lakini hapo panazuka tatizo. Ndege amevaa manyoya, na kazi ya manyoya ni kuzuia joto lisitoke. Ukimfunga mtu blanketi nene kisha ukamwambia akukumbatie upate joto, joto litabaki kwake, wewe utaambulia blanketi. Yai likiwekwa chini ya manyoya litakuwa hivyo hivyo: karibu na moto, lakini nje ya ukuta.

Jawabu lake ni la ajabu. Siku zile ndege anapokaribia kutaga, homoni za mwilini mwake hubadilika, na manyoya ya tumboni humpukutika. Panabaki kipara. Ngozi ya mahali hapo huwa nene, laini, imevimba kidogo, na mishipa ya damu huongezeka mpaka ngozi inakuwa kama chupa ya maji ya moto. Akifika kiotani huyatenga manyoya ya pembeni, hujitikisa kidogo kulia na kushoto, halafu huilaza ngozi hiyo tupu juu ya mayai. Damu yake ya moto hupita hapo, ngozi kwa ganda, hakuna kitu katikati.

Wenye kufuga kuku wa kienyeji mnaweza kulithibitisha leo hii. Mwinueni koo anayelalia, mtazameni tumboni. Mtakuta kipara hicho hicho. Pengine mlidhani ni chawa au viroboto waliomfanya hivyo. La hasha! Hiyo ndiyo nguo aliyoivua ili wanawe wapate joto. Uzazi ukiisha ngozi hurudi kama zamani, na manyoya huota tena.

Kwa shore kazi hii hasa ni ya mama. Na ngozi yake si jiko tu, ni kipimajoto pia. Mayai yakiwa ya baridi huhisi, naye huongeza moto kwa kutetemesha misuli yake, kama sisi tunavyotetemeka asubuhi ya baridi. Mtetemo huo unakula chakula. Kwa hiyo usiku wa Njombe mwezi Julai, ndege aliyelala kiotani kimya kabisa huenda anatumia nguvu nyingi, nanyi mnaopita chini mnasema amelala.

Hapo tunafikia shida yake kubwa. Moto unataka kuni, na kuni za ndege ni wadudu na matunda. Vitu hivyo haviji kiotani vyenyewe. Lazima atoke. Akitoka, mayai yanaanza kupoa.

Tena yanapoa haraka. Yai la kuku huweza kupita gramu 50. Yai la shore ni gramu tatu hivi. Mnajua kahawa ya barazani, ile ya kikombe kidogo kisicho na mkono? Ukizidisha mazungumzo kidogo tu umeikuta imepoa, na birika lililo juu ya makaa bado linafuka. Kidogo hupoa kabla ya kikubwa. Ndivyo ilivyo kwa kahawa, ndivyo ilivyo kwa yai. Kwa hiyo mama shore hawezi kwenda matembezi. Hutoka dakika chache, anadonoa hiki na kile, anarudi mbio. Baadaye hutoka tena. Usiku kucha hatoki. Hivyo ndivyo siku zake zinavyokwenda kwa muda wa siku 12 hadi 14.

Kiota nacho humsaidia. Kile kikombe kimepimwa kwa mwili wake, na kuta zake hupunguza upepo. Akiwa ndani, yeye ndiye kifuniko cha chungu.

Tena hakai tu. Mara nyingi kwa siku huinuka, huingiza mdomo chini yake na kuyageuza mayai. Kwa nini? Kwanza, yai lililo pembeni lipate zamu ya katikati. Pili, kijusi kisigandamane na utando wa ndani ya ganda. Mpishi wa chapati asiyegeuza, upande mmoja utaungua na mwingine utabaki unga. Wafugaji wa vifaranga wenye mashine za kutotolea wanalijua hili. Mashine nyingi zimetengenezwa zigeuze mayai zenyewe, maana bila hivyo hasara itaingia. Ndege hakusomea, lakini anageuza.

Na kuna hesabu nyingine anayoifanya. Ndege wa namna hii hutaga yai moja kwa siku. Mayai matatu ni siku tatu. Angeanza kuatamia kwa bidii tangu yai la kwanza, kinda la kwanza lingeanguliwa siku mbili kabla ya la mwisho, na kitinda mimba angewakuta wenzake wamekwisha kuwa wakubwa, wanamnyang’anya kila mdudu anayeletwa. Kwa hiyo ndege wengi waimbao hawaanzi kazi kamili mpaka yai la mwisho, au la pili kutoka mwisho, liwe limetagwa. Mayai ya kwanza husubiri bila joto, na makinda huanguliwa karibu pamoja.

Hapa kwetu Pwani hesabu hiyo ina ugumu wake. Nimesema ujenzi husimama chini ya nyuzi 25 hivi. Dar es Salaam mwezi Januari kivuli chenyewe mchana hupita nyuzi 30. Yai lililotagwa leo haliwezi kusubiri kikamilifu. Hewa yenyewe imekwisha kuliamsha, lakini haina joto la kutosha kulijenga vizuri. Ni kama unga uliotiwa hamira kisha hakuna aliyewasha jiko. Ndege wa nchi za joto kwa sababu hiyo hulazimika mara nyingine kukaa juu ya mayai mapema kuliko ndugu zao wa nchi za baridi.

Basi sasa turudi kwenye mdimu wangu, saa saba mchana.

Yule ndege aliyesimama ukingoni, mbawa wazi, mdomo wazi, hakuwa anaota jua. Alikuwa amegeuka mwavuli. Jua la Novemba lilikuwa linapiga moja kwa moja kiotani, na yai lililo wazi juani hupita nyuzi 40 kwa muda mfupi. Kazi yake ilikuwa imepinduka. Asubuhi alikuwa anapeleka joto kwenye mayai. Mchana alikuwa analizuia lisiwafikie wanawe, akilipokea yeye mgongoni. Na ndege hana jasho kama sisi. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi, na kwa kila pumzi anapoteza maji. Akitaka maji ni lazima aondoke. Akiondoka, mwavuli umeondoka.

Jamani, hapo ungefanya nini? Ukikaa unakauka. Ukitoka wanao wanaiva. Mtego huo niliutega mimi, kwa panga, nikidhani nimemhurumia.

Na kwa nini alikuwa salama kabla sijafika? Kwa sababu paa alikuwa nalo, na paa lenyewe ni majani. Si kila ndege hujenga namna moja. Mnana hufuma kiota chenye paa, kinaning’inia mwisho wa kuti kama kikapu kilichofunikwa. Dume ndiye fundi wake, jike hutandika ndani na kuatamia. Chozi hutengeneza kifuko kinachoning’inia, chenye mlango wa ubavuni. Lakini shore hujenga kikombe kilicho wazi juu. Yeye huchagua tawi lililosongwa na majani, na majani hayo ndiyo mabati yake. Kwa hiyo ukikata tawi la juu na kukiacha kiota, umemwachia mpangaji chumba chake baada ya kuezua nyumba. Bibi alikuwa ameniambia yote haya kwa maneno mawili, nami nikacheka.

Kuna njia nyingine ya kumwondolea mayai joto lake au kivuli chake, nayo haitaki panga. Ni kuchungulia. Sisi watu wa mjini tukipata kiota tunafurahi, na hiyo ni heri. Lakini baba anachungulia, mama anachungulia, watoto wa jirani wanaitwa, anayefuata anapanda juu ya ndoo. Kila mmoja anasema ni dakika moja tu. Ndege ameruka mara sita. Mara sita kikombe cha kahawa kimepoa, au kama ni mchana, mara sita kimewekwa juani. Na kelele zake zimemwita kunguru.

Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka, kisha akavuka akaenea mwambao mzima. Siku hizi taka anazila, na mayai na makinda ya ndege wadogo anayala vilevile. Anakaa juu ya nguzo, anatazama wapi ndege anatoka. Ukimfukuza shore kiotani mbele ya kunguru umekwisha kumwonyesha mwizi mlango.

Wazee walitukataza kugusa mayai ya ndege, wakisema mama akisikia harufu ya mkono wa mtu atayatupa. Kuhusu harufu, wataalamu wa ndege wanasema sivyo. Mguso mmoja peke yake kwa kawaida hauwi sababu ya kuyakimbia. Ila katazo lenyewe lina faida. Ndege anayesumbuliwa mara kwa mara, hasa siku za mwanzo za kuatamia, huweza kukata tamaa akaenda kujenga kwingine. Basi tuendelee kuwakataza watoto, ila tuwape sababu iliyo kweli.

Sasa tufanye nini? Simwambii mtu asikate mti wake. Miti ya mjini ina waya za umeme, ina mashuka, ina kuta zinazopasuka. Ninalosema ni haya machache.

Kwanza, kabla ya panga, macho. Simama dakika tano mbali kidogo na mti au ua wa michongoma, utazame. Kama kuna ndege anayeingia na kutoka mahali pamoja, pana mtu na nyumba yake.

Pili, ukikuta kiota chenye mayai, hesabu. Kuatamia ni wiki mbili hivi. Makinda ya shore huanguliwa uchi na vipofu, si kama vifaranga wa kuku wanaokimbia siku ya kwanza, kwa hiyo siku za mwanzo bado hufunikwa na mama; nao hukaa kiotani kama wiki mbili nyingine, wazazi wote wawili wakiwalisha. Jumla haifiki hata kodi ya miezi miwili. Mashuka yanaweza kuhamia upande wa pili wa ua kwa mwezi mmoja.

Tatu, ikiwa umekwisha kukata kama mimi, usiseme maji yamekwisha kumwagika. Chukua tawi ulilolikata, lifunge kwa kamba juu ya kiota mahali lilipokuwa, uondoke haraka. Kivuli ni kivuli, ndege haulizi kama kimefungwa kwa kamba. Jambo hili nililijua baada ya siku tatu; ningelijua siku ile ile, pengine leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Nne, ukitaka kutazama, tazama kwa mbali, na mchana wa jua kali usimwondoe kabisa.

Ndugu wasikilizaji, namalizia kwa neno moja linalotuhusu sisi wenyewe. Mara ngapi mtu huulizwa, “Mkeo anafanya kazi gani?” naye hujibu, “Hana kazi, yupo nyumbani tu na mtoto.” Nami nimewahi kulitamka neno hilo. Nilikuwa naona mtu aliyekaa. Sikuona usiku asiolala, wala chakula alichokiacha kikapoa kwa sababu mtoto amelia, wala kiu aliyoivumilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, na sisi tunaotazama kutoka nje ya kiota huona mgongo tu.

Mwaka huu mdimu wangu umechipua tena, majani yamejaa. Mwezi uliopita nilimwona shore anapita na kijiti mdomoni, anaelekea upande ule ule. Panga nimelificha stoo. Bibi akija kuomba ndimu namchumia mwenyewe, taratibu, kutoka upande wa pili wa mti.

Nawatakia wiki njema. Kwaherini.